Sabu ya dakika ya 55

Mechi ilikuwa imekwisha, ilibaki filimbi tu. Jumamosi ya Septemba 24, 2016, uwanja wa Emirates, Arsenal walikuwa mbele 3-0 dhidi ya Chelsea, na mabao yote yaliingia kabla ya mapumziko. Alexis Sánchez alimpokonya Gary Cahill mpira dakika ya 11 akafunga, Theo Walcott akaongeza dakika tatu baadaye, na dakika ya 40 Mesut Özil akamalizia shambulizi la kushtukiza lililowaacha mabeki wa Chelsea wakikimbilia goli lao wenyewe.

Dakika ya 55 mwamuzi wa akiba akainua kibao. Namba 4 anatoka, namba 3 anaingia. Cesc Fàbregas, bingwa wa pasi za mwisho, akaenda benchi. Marcos Alonso, beki wa kushoto aliyesajiliwa kutoka Fiorentina dirisha likiwa karibu kufungwa, akaingia.

Aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza anajua kelele zinazofuata sabu ya namna hiyo. Timu imefungwa tatu, kocha anamtoa kiungo mchezeshaji na kumwingiza beki! Kwa macho ya haraka huyo ni kocha aliyekata tamaa, anaziba mashimo asije akafungwa tano.

Niliirudia mechi hiyo hivi karibuni kwa sababu nyingine kabisa, nikitaka kuliona tena lile bao la Özil, nikanasa kwenye sabu. Nikarudisha nyuma, nikatazama tena. Simulizi tunayoijua wote ni kwamba Antonio Conte alihamia mfumo wa 3-4-3, Chelsea wakashinda mechi 13 za ligi mfululizo, wakabeba kombe. Ni kweli tupu. Ila simulizi hiyo huanzia wiki iliyofuata, kule Hull, kana kwamba mfumo ulizaliwa uwanja wa mazoezi, mbali na macho ya watu. Haukuzaliwa huko. Ulizaliwa ugenini, mbele ya mashabiki wa Arsenal waliokuwa wakiimba, ndani ya mechi ambayo kocha alikuwa ameshaipoteza. Kwa nini pale? Kwa nini hakungoja Jumatatu?

Msomaji hahitaji kukumbushwa mengi kuhusu hali ya Darajani, nyumbani kwa Chelsea, wakati ule. Chelsea walikuwa mabingwa Mei 2015 chini ya José Mourinho, na Desemba 17 ya mwaka huohuo wakaachana naye wakiwa nafasi ya 16, wamefungwa mechi tisa kati ya 16. Guus Hiddink akaishika timu mpaka mwisho wa msimu, ikamaliza ya 10. Conte akawasili Julai 2016 akitokea timu ya taifa ya Italia. Katika mkutano wake wa kwanza na waandishi alisema anataka kuwasha mwali mdogo utakaokuja kuwa moto mkubwa. Akaanza na mabeki wanne, N'Golo Kanté mbele yao, na viungo wanne nyuma ya Diego Costa. Akawafunga West Ham, Watford na Burnley. Kisha sare ya 2-2 na Swansea, kipigo cha 2-1 nyumbani kutoka kwa Liverpool, halafu Arsenal. Pointi 10 katika mechi sita, nafasi ya nane, pointi nane nyuma ya Manchester City waliokuwa wameshinda zote.

Baada ya mechi ile Conte hakujificha. Alisema Chelsea ni timu kubwa kwenye karatasi tu, si uwanjani. Kauli hiyo ilikaa kwenye vichwa vya habari siku kadhaa. Aliyoyasema baadaye, wakati timu imeshakaa kileleni na anaulizwa ilikuwaje, yananigusa zaidi. Alieleza kwamba kilichomuumiza siku ile ni kuitazama timu mpaka mwisho asione ndani yake hata chembe ya kazi yake wala ya mawazo yake kuhusu soka. Hakuwataja wachezaji, wala hakusema waamuzi walimwonea. Alisema ilimbidi apate nguvu ya kubadilika, abebe lawama mwenyewe, na aitafutie timu suti mpya.

Hiyo suti hakuitaja mara moja tu. Kwa Conte, kocha ni fundi cherehani: haanzi na mshono anaoupenda yeye, anaanza na mwili wa mteja. Anapima mabega, anapima kiuno, ndipo anapokata kitambaa. Nimeisikia lugha hiyo kwa makocha wengine na mara nyingi ni maneno ya kupamba mkutano wa waandishi. Kwa huyu, historia inamuunga mkono. Alipochukua Juventus mwaka 2011, timu iliyokuwa imemaliza ya saba misimu miwili mfululizo, alifika na mfumo wake wa 4-2-4 alioubeba tangu Bari. Akamkuta Andrea Pirlo, Arturo Vidal na Claudio Marchisio, viungo watatu ambao hakuna mtu mwenye akili angemweka mmoja wao nje, na 4-2-4 ina nafasi ya viungo wawili. Akaachana na mfumo wake. Mwezi Novemba mwaka ule, katika sare ya 3-3 kule Napoli, alipanga mabeki watatu nyuma, na Juventus wakamaliza msimu wa ligi bila kufungwa hata mechi moja.

Kwa hiyo alikuwa ameshapita njia hiyo. Zaidi ya hapo, yeye mwenyewe alisema kwamba mabeki watatu walikuwa kichwani mwake tangu kiangazi kama njia ya pili, maana aliona kikosi alichokikuta kinaweza kuucheza mfumo huo. Hapa ndipo swali langu linapozidi kuniwasha. Kama suti ilikuwa imeshapimwa tangu Julai, kwa nini timu ilivaa nyingine kwa mechi sita?

Sina jibu kamili, ila nina ninachokiamini. Nahodha John Terry alikuwa na miaka 35, na katika mabeki wanne ndiye aliyekuwa akiipanga safu nzima kwa mdomo wake. Kocha mgeni hamweki pembeni mtu kama huyo mwezi wa kwanza. Septemba 11, kule Swansea, Terry akaumia kifundo cha mguu. David Luiz naye alikuwa amerudi kutoka Paris Saint-Germain siku ya mwisho ya usajili, Agosti 31, na kumweka Luiz kwenye safu ya mabeki wawili wa kati ni kuishi kwa wasiwasi: leo anakupigia pasi ya mita 50, kesho anaacha shimo la mita 50. Lakini ukimpa mlinzi kulia na mlinzi kushoto, ukamwambia abaki katikati asome mchezo, unapata beki mwingine kabisa. Ndivyo ilivyokuwa. Conte alihitaji Terry akosekane, Luiz awepo, na kikosi chote kikubali kwa macho yake kwamba njia ya kwanza imekufa. Hilo la tatu halipatikani kwenye ubao wa mazoezi. Lilipatikana Emirates, dakika ya 55.

Nadhani ndiyo sababu hakungoja. Mechi iliyopotea ilimpa kitu ambacho mazoezi ya wiki nzima hayatoi: dakika 35 za mpinzani wa kweli, mwenye Sánchez na Özil, bila chochote cha kupoteza. Tatu au tano, pointi ni zilezile sifuri. Kocha mwingi wa woga angezitumia dakika hizo kulinda sura yake. Conte alizitumia kufanya kazi. Na ukiitazama tena sehemu ile ya mchezo utaona Arsenal hawakupata bao jingine. Ni kweli walikuwa wameshapunguza mwendo. Hata hivyo sifuri ile ya kipindi cha pili ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya mlolongo mrefu.

Oktoba 1, kule Hull, kikosi kikatoka hivi: Thibaut Courtois golini, César Azpilicueta, Luiz na Cahill nyuma, Victor Moses pembeni kulia na Alonso pembeni kushoto, Kanté na Nemanja Matić katikati, Willian na Eden Hazard wakimzunguka Costa. Kipindi cha kwanza 0-0. Willian akafunga dakika ya 61, Costa dakika ya 67. Baada ya hapo Leicester 3-0, Manchester United 4-0, Southampton 2-0, Everton 5-0, Middlesbrough 1-0. Katika mechi sita za kwanza za msimu Chelsea waliruhusu mabao tisa. Katika sita zilizofuata hawakuruhusu hata moja, na wakafunga 17. Wachezaji karibu ni walewale. Hakukuwa na dirisha la usajili katikati.

Kilichobadilika kinaonekana vizuri ukimfuata Hazard kwa macho. Katika mfumo wa zamani alikaa pembeni kushoto, na beki wa kulia wa mpinzani alipopanda ilimbidi arudi naye mpaka karibu na bendera ya kona yake mwenyewe. Alonso alipopewa ubavu wote, Hazard akaingia ndani, kati ya beki wa pembeni na beki wa kati wa adui, mahali ambapo hakuna anayejua nani amkabe. Chelsea waliposhambulia walikuwa na watu watano mbele kwa upana wote wa uwanja, na timu nyingi za England zilikuwa na mabeki wanne. Wanne hawatoshi kwa watano. Mpira ulipopotea, Moses na Alonso wakarudi, nyuma wakawa watano. Katikati walibaki Kanté na Matić, na kwa kuwa mmoja wao alikuwa Kanté, wawili walitosha.

Azpilicueta naye anastahili sentensi zake. Si mrefu, hakulelewa kama beki wa kati, na miaka yote alikuwa akihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto kadiri timu ilivyohitaji. Conte akamweka beki wa kulia wa watatu. Alicheza kila dakika ya ligi msimu ule, mechi zote 38.

Mazoezini Cobham, kazi yenyewe haikuwa na mvuto wowote. Wachezaji 11 wanapangwa uwanjani, upande wa pili hakuna mtu. Kipa anaanza, beki anampa kiungo, kiungo anarudisha, mpira unakwenda pembeni, straika anakimbilia nguzo ya kwanza, winga wa upande wa pili anaingia ya pili. Ukikosea hatua mnaanza upya. Mkipatia pia mnarudia. Kocha anasimama kati yao anapiga kelele, anamsukuma mmoja mita mbili kushoto, anarudi. Wachezaji wake wa Italia na England wamelieleza zoezi hili mara nyingi, wengi kwa pumzi ya mtu aliyechoka. Nalipenda zoezi hili kwa sababu linaiweka mahali pake ile habari ya mfumo. Tarakimu tatu, nne na tatu zinaandikwa ubaoni kwa sekunde moja. Kuzifanya ziwe desturi miguuni mwa watu 11 kunahitaji wiki nzima, kila wiki.

Na wiki walikuwa nazo. Kwa kuwa walimaliza ya 10, hawakuwa na mashindano ya Ulaya msimu ule. Wengi wamelitaja hilo kama maelezo ya kila kitu, nami siwezi kukubaliana nao moja kwa moja. Liverpool nao hawakucheza Ulaya msimu huohuo na walimaliza wa nne. Siku tupu za katikati ya wiki zilikuwa msaada mkubwa, lakini bado mtu alitakiwa kujua la kufanya nazo.

Sasa nije kwa waliolipa gharama. Tunapolisifu badiliko huwa tunawasahau.

Branislav Ivanović alikuwa Chelsea tangu Januari 2008. Mwaka 2013, katika fainali ya Europa League dhidi ya Benfica, alifunga kwa kichwa dakika za nyongeza na kuipa timu kombe. Emirates alianza kama beki wa kulia. Kule Hull hakuwemo kwenye 11. Januari aliifungia Chelsea katika mechi ya Kombe la FA dhidi ya Brentford, na Februari 1, 2017 akaondoka kwenda Zenit. Jambo ambalo sijawahi kuliona likielezwa nikaridhika ni hili: Ivanović alikuwa beki wa kati kwa asili, mrefu, mwenye nguvu, hodari wa mipira ya juu. Mfumo ulipofungua nafasi tatu za mabeki wa kati, mtu mwenye sifa hizo ndiye ungemtarajia upande wa kulia. Nafasi ilikwenda kwa Azpilicueta. Naelewa sababu za kiufundi: kasi, wepesi wa kugeuka, pasi. Ila je, ingekuwa hivyo kama asingekuwa ndiye aliyeonekana amechoka katika safu ya zamani? Huenda kocha anapobadili mfumo anawahukumu pia watu waliouwakilisha ule wa kwanza.

Terry alipona. Nafasi yake haikuwepo tena. Nahodha mwenye mataji kuliko yeyote katika historia ya klabu alimaliza msimu wa ubingwa akitazama wengine, na Mei 21 dhidi ya Sunderland akatolewa dakika ya 26, sawa na namba ya jezi yake, wenzake wakiwa wamejipanga mistari miwili kumpigia makofi.

Fàbregas, yule wa sabu, hakuondoka. Angeweza kununa, alikuwa bingwa wa dunia na mechi iliyozika mfumo wa zamani ndiyo aliyotolewa yeye. Desemba 3, uwanja wa Manchester City, Chelsea wakiwa nyuma 1-0, alipiga pasi ndefu kutoka nusu yake, Costa akaituliza kwa kifua na kusawazisha. Wakashinda 3-1. Wiki mbili hazikuisha akafunga bao pekee dhidi ya Sunderland. Alimaliza ligi na asisti 12, wengi wa mashabiki wakiwa wamezoea kumwona anaanzia benchi. Kwangu mimi Fàbregas ni sehemu ya badiliko hilo sawa na aliyeingia badala yake.

Lakini nikiulizwa jina moja la msimu ule, sitasema Hazard wala Kanté. Nitasema Moses.

Victor Moses alizaliwa Nigeria mwaka 1990. Alikuwa na miaka 11 wazazi wake walipouawa katika machafuko ya kidini kule Kaduna, kaskazini mwa nchi. Baba yake alikuwa mchungaji. Kwa simulizi yake mwenyewe, habari ilimkuta akicheza mpira mtaani. Watu wakamficha, kisha wakamsafirisha hadi Uingereza kama mkimbizi, akalelewa na familia ya watu wengine kusini mwa London. Crystal Palace wakamwona, akaenda Wigan, na Agosti 2012 Chelsea wakamnunua. Miezi michache baadaye alikuwa bingwa wa Afrika na Nigeria kule Afrika Kusini, Februari 2013. Baada ya hapo kikafuata kile tunachokijua kwa wachezaji wetu wengi waliokwenda klabu kubwa: mkopo Liverpool, mkopo Stoke, mkopo West Ham. Misimu mitatu, timu tatu. Winga mzuri, kila mtu alisema, na kila mtu akamrudisha.

Conte alimkuta katika maandalizi ya msimu. Baadaye alisema ilimshangaza kwamba mchezaji mwenye ufundi ule, nguvu ile na uwezo ule wa kuumeza ubavu mzima wa uwanja alikuwa akidharauliwa kiasi kile. Sikiliza jinsi alivyompima. Makocha waliotangulia walimtazama Moses wakauliza: anafunga mangapi, anampita beki mara ngapi? Ukimpima hivyo, ukimweka kando ya Hazard, hatoshi. Conte aliuliza swali jingine: huyu anaweza kukimbia kutoka kwenye eneo letu la hatari mpaka lao, akarudi, akaenda tena, kwa dakika 90, na bado akafika akiwa na akili ya kumpita mtu? Hapo Moses akawa hana mpinzani kikosini.

Kulikuwa na kazi ngumu ya kumfundisha winga ulinzi. Winga hukaba kwa kukimbilia mpira. Beki wa pembeni hukaba kwa kujua mahali pa kusimama. Nyuma yake alikuwepo Azpilicueta, akimwelekeza na kumfunika mechi nzima. Kwa hiyo kosa la Moses halikuwa bao moja kwa moja, na mtu anayejua kwamba kosa lake lina mtu wa kulirekebisha hujifunza haraka.

Novemba 26, Tottenham walikuja Darajani hawajafungwa msimu mzima katika ligi. Christian Eriksen akafunga mapema, bao la kwanza Chelsea kuruhusu katika ligi tangu Emirates. Pedro akasawazisha karibu na mapumziko. Dakika ya 51 Costa akauvutia mpira kushoto, akaupitisha mbele ya goli. Kila beki wa Tottenham alikuwa amevutwa upande ule. Aliyefika nguzo ya mbali, peke yake, alikuwa ni Moses. 2-1. Mchezaji wa pembeni kulia anamalizia krosi ya kutoka kushoto: ndilo lile zoezi la Cobham, lile lisilo na mpinzani, limefanyika mbele ya mpinzani. Nimelitazama bao hilo mara nyingi kuliko la Özil.

Wengine wakaanza kuiga. Everton walijaribu mabeki watatu Darajani wakala tano. Tottenham walijaribu Januari 4, 2017 wakafaulu: 2-0, mabao yote ya kichwa ya Dele Alli, na mlolongo wa ushindi 13 ukakatika. Aprili Arsène Wenger naye, mtu wa mabeki wanne kwa miaka yake karibu yote ya Arsenal, akahamia watatu. Wiki hiyohiyo Manchester United walionyesha namna nyingine ya kuufungua mfumo ule: Ander Herrera akamganda Hazard uwanja mzima, Alonso akawa ameugua wakati wa kupasha misuli moto, Azpilicueta akalazimika kusogezwa pembeni, na Chelsea wakafungwa 2-0. Ondoa mtu mmoja mahali pake na mshono wote unaachia.

Ubingwa ulithibitishwa Mei 12 uwanja wa West Brom kwa bao la Michy Batshuayi, mchezaji wa akiba, zikiwa zimebaki dakika chache. Pointi 93, ushindi 30. Siku 15 baadaye, fainali ya Kombe la FA, Chelsea walikutana tena na Arsenal, sasa wote wana mabeki watatu. Arsenal wakashinda 2-1, na Moses akaonyeshwa kadi ya pili ya njano kwa kujiangusha kwenye eneo la hatari. Inaniuma kuiandika sentensi hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Msimu uliofuata Chelsea walimaliza wa tano, wakachukua Kombe la FA, na Julai 2018 Conte akafukuzwa. Maurizio Sarri akaja na mabeki wanne. Katika mpangilio wake hakukuwa na mahali pa mtu anayeishi ubavu mzima, na Moses akarudi kule alikokuwa: benchi, kisha mkopo Fenerbahçe. Januari 2020 alipelekwa Inter Milan. Kocha wa Inter alikuwa Conte, akicheza na mabeki watatu.

Alonso yalimkuta yaleyale. Chini ya Frank Lampard alifika mahali hapangwi kabisa. Januari 2021 Chelsea wakiwa nafasi za katikati, Lampard akaondolewa, akaja Thomas Tuchel. Tuchel akarudisha mabeki watatu, na Alonso akarudi uwanjani, akafunga katika mechi yake ya kwanza chini ya kocha huyo, dhidi ya Burnley. Mei wakawa mabingwa wa Ulaya, Azpilicueta akilipokea kombe kama nahodha.

Sasa najiuliza kuhusu Moses, na sijapata wa kunijibu. Alikuwa na miaka 25 Conte alipomkuta. Makocha wa Liverpool, Stoke na West Ham si watu wasiojua mpira. Walimwona mazoezini kila siku, wakamtumia, wakamrudisha. Walichokiona wao na alichokiona Conte ni mtu yuleyule, mapafu yaleyale, miguu ileile. Kama Terry asingeumia Swansea, kama Luiz angebaki Paris, kama Arsenal wangeshinda bao moja tu na Conte akaona hakuna haja ya kugusa kitu, Moses angekuwa mkopo wa nne wapi?